Swali la lugha: ሀ ya Kiamhari ni herufi au silabi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natafsiri mwongozo wa kompyuta unaoeleza jinsi maandishi ya Kiamhari yanavyohifadhiwa. Niliandika: "Herufi ሀ ya Kiamhari ina kodi U+1200." Mhariri akafuta "herufi" na kuweka "silabi", ila "kodi" akaiacha. Nani amepatia?

Jibu: Marahaba. Rudisha "herufi" yako, na kinachostahili kufutwa ni "kodi".

Mhariri wako hakubuni. Unicode, ule mfumo unaozipa herufi za lugha za dunia namba zake, uliingiza mwandiko huu mwaka 1999, na jina rasmi la Kiingereza la ሀ lina neno lenye maana ya silabi. Tena ni kweli kwamba alama moja hubeba konsonanti pamoja na irabu yake. Tazama በ, ቡ, ቢ, ባ: umbo ni lile lile, ila huongezwa kijimkono au hurefushwa mguu kila irabu inapobadilika. Namba zake nazo hufuatana, kuanzia U+1260 hadi U+1263.

Lakini chukua neno ሰላም, ndugu wa damu wa "salamu" yetu. Hutamkwa se-lam, yaani silabi mbili. Sasa hesabu alama: ሰ, ላ, ም. Ni tatu. Hiyo ya mwisho hapa ni m tupu, haina irabu, kazi yake ni kuifunga silabi ya pili. Sisi nasi tunayo m isiyo na irabu, kama katika m-tu, ila yetu husimama kama silabi kamili, na hii ya Kiamhari haisimami. Basi ukiandika kwamba kompyuta imehifadhi "silabi tatu", msomaji anayejua Kiamhari atakushangaa. Herufi tatu, sawa. Kompyuta huhifadhi kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni herufi.

Labda mhariri anahofia kwamba "herufi" ni za A hadi Z tu. Hapana. Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, na wazee wetu wa pwani walilitumia zamani, kabla ya A na Z kufika. Walipoandika "ba" kwa hati za Kiarabu, waliweka herufi ب, kisha wakaitia irabu juu yake. Ukichapa hivyo leo, kompyuta huhifadhi namba mbili: U+0628 ya herufi na U+064E ya irabu. Mhabeshi huandika ባ, namba moja tu, U+1263. Tofauti hii ningependa mwongozo wako uieleze, maana msomaji wa Kiswahili anayezijua hati za Kiarabu ataielewa papo hapo.

Kuna jambo jingine linalothibitisha kwamba tunazungumzia herufi, si sauti. Kiamhari kina ሀ, ሐ na ኀ, na zote tatu siku hizi husomwa "ha". Sauti zake za kale zimeungana, maumbo yamebaki. Neno la jua, tsehay, utalikuta likiandikwa ፀሐይ na pia ፀሀይ. Sikio halioni tofauti, lakini kwa kompyuta U+1210 na U+1200 ni vitu viwili, na anayetafuta neno kwa tahajia moja anaweza kuikosa nyingine. Kama zingekuwa silabi tu, namba moja ingetosha.

Sasa "kodi". Kwa Kiswahili kodi ni ya nyumba, au ya mapato. Msomaji akiona herufi ina kodi atajiuliza anailipa nani. Tunalo neno "msimbo", na uzuri wake ni kwamba limezaa ukoo mzima: kusimba ni kugeuza herufi kuwa namba, kusimbua ni kuirudisha, kama kufunga na kufungua, na kazi yenyewe ni usimbaji. Hata kile kifaa cha televisheni ambacho Watanzania wengi hukiita king'amuzi huitwa pia kisimbuzi, kwa sababu hiyo hiyo. Ukiandika "namba ya herufi" sitakupinga, lakini "kodi" iache.

Nitagusa pia "ya Kiamhari". ሀ hutumika vilevile katika Kitigrinya, Ethiopia na Eritrea, na asili yake ni Kigeezi, lugha ya kale ambayo bado ni ya ibada katika kanisa la Ethiopia. Ukizungumzia lugha, "ya Kiamhari" inafaa. Ukizungumzia msimbo, ambao ni mmoja kwa lugha zote hizo, ni afadhali uandike: "Herufi ሀ ya mwandiko wa Kigeezi ina msimbo U+1200."