Hisa imeshuka asilimia 80, niongeze au nitoke? Maswali yenu kuhusu kampuni za malighafi za kisasa

Safari hii maswali karibu yote yako upande mmoja, zile kampuni za malighafi za kisasa, grafini (tabaka moja jembamba sana la kaboni), silikoni kabaidi (malighafi ya vifaa vya elektroniki), nyuzi za kaboni na ndugu zake, ambazo hisa zake zilipaa afu zikaporomoka, na sasa wale walionunua kule juu wamegawanyika, hawa wanasema shikilia, wale wanasema toka haraka. Wengi mmenitajia jina la kampuni mnayoishikilia. Sitaliandika hapa, maana sijui pesa uliyoweka unaihitaji lini, ila maswali yenyewe yanafanana kwa kampuni yoyote ya aina hii kwa hiyo twende.

Teknolojia ni ya kweli, wanasayansi wanaisifu, hataza wanazo. Mbona bei inashuka kila mwezi?

Hakuna anayebisha kwamba ni ya kweli. Hata grafini ni ya kweli, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester waliitenga mwaka 2004 kwa kubandua grafiti na selotepu, 2010 wakapata Nobeli ya fizikia, 2013 Umoja wa Ulaya ukaanzisha mradi wa yuro bilioni 1 wa miaka kumi. Mwaka huohuo wa 2013 kampuni inaitwa Applied Graphene Materials, iliyotokea Chuo Kikuu cha Durham, ikaingia AIM, soko la hisa la London la kampuni ndogo. Ilipofika 2023 pesa zimekata, biashara ikauzwa kwa Universal Matter. Na grafini haina kosa lolote hapo, iko vilevile na nguvu zake zilezile.

Kinachoua ni muda. Mtengenezaji wa ndege au magari habadilishi malighafi eti kwa sababu yako ni imara zaidi, anataka sampuli kwanza, aijaribu kwa joto, kwa mtikisiko, kwa moto, afu aone kama mzigo wa mwezi wa tatu unafanana kabisa na ule wa mwezi wa kwanza, afu aulize kiwanda chenu kikiungua nani mwingine atamuuzia, na kila hatua inaweza kula mwaka au zaidi huku nyie mnalipa mishahara na umeme. Toray ya Japani ilianza kuuza nyuzi za kaboni mwaka 1971. Miaka ya mwanzo zilikuwa zinaishia kwenye fimbo za gofu na za kuvulia samaki. Boeing 787, ambayo karibu nusu ya uzito wake ni malighafi za aina hiyo, ilianza kubeba abiria 2011, miaka 40 baadaye! Toray waliweza kusubiri kwa sababu walikuwa na nailoni na poliesta zinazoingiza hela. Sasa jiulize, kampuni yako ina nini cha kuiweka mjini wakati inasubiri? Mara nyingi jibu ni kwamba inauza hisa mpya, basi.

Nilinunua dola 10, sasa ni dola 2. Nikiongeza si wastani wangu unashuka? Na haiwezi kushuka zaidi ya hapa.

Inaweza. Hisa iliyoshuka asilimia 90 ni ileile iliyokuwa imeshuka asilimia 80 halafu ikakatwa nusu tena, na aliyenunua kwenye dola 2 akidhani ni sakafu kapoteza nusu ya pesa yake kama wewe ulivyopoteza zako. Kutoka dola 2 kurudi dola 10 inabidi ipande mara tano.

Kuhusu wastani, sikatai kwamba unashuka, lakini unashuka kwenye simu yako tu. Kampuni haijui wastani wako. Ukinunua sokoni pesa inakwenda kwa yule aliyekuuzia, kampuni haipati hata senti.

Kabla hujaongeza fungua taarifa ya robo mwaka, sio ile ya kurasa mbili yenye picha za mashine, ile ndefu. Tafuta pesa taslimu iliyobaki, afu tafuta pesa iliyotoka kwenye shughuli za biashara pamoja na iliyotumika kununua mitambo kwa robo hiyo. Tuseme wana milioni 30 na kila robo zinatoka milioni 10, basi zimebaki robo mwaka tatu, yaani miezi tisa. Lakini hakuna bosi anayesubiri mpaka akaunti isome sifuri, kwa hiyo hisa mpya utaziona mapema kuliko hapo, labda robo ijayo. Kama hisa zote zilikuwa milioni 100 zikawa milioni 150, fungu lako limepungua kwa theluthi na hujauza kitu. Na hapa ndo pabaya zaidi, bei ikiwa chini inabidi watoe hisa nyingi zaidi kupata kiasi kilekile, zile hisa nyingi zinaishusha bei tena, robo inayofuata wanatoa nyingi zaidi. Watu wanaita manipulesheni, mara nyingi ni hesabu tu.

Halafu tafuta ile sentensi ya mkaguzi inayosema kuna mashaka makubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara. Ikiwepo isome mara mbili. Mkaguzi analipwa na kampuni hiyohiyo, akifikia kuandika hivyo ujue hana namna.

Wametangaza ushirikiano na kampuni kubwa sana duniani. Hii si ndo habari tuliyokuwa tunaisubiri?

Inategemea imeandikwa nini. GT Advanced Technologies ya Marekani ilitangaza mkataba na Apple mwezi Novemba 2013, watengeneze yakuti ya viwandani, ile malighafi ngumu isiyokwaruzika, kwenye kiwanda kilichopo Mesa, Arizona. Apple ikaahidi kutanguliza dola milioni 578 kwa awamu. Ushirikiano mkubwa kuliko huo utaupata wapi? Watu wakanunua kwa kasi, kila mtu anaona kioo cha simu mpya kitakuwa cha yakuti. Ila zile pesa ulikuwa mkopo wa kurudishwa, na kwa maelezo ya GT wenyewe mahakamani baadaye, wao ndo walibanwa kuzalisha, Apple haikulazimika kununua kiasi chochote. Uzalishaji ukasumbua, awamu ya mwisho ya pesa haikutoka. Septemba 9, 2014 iPhone 6 ikazinduliwa na kioo chake sio yakuti. Oktoba 6 GT wakaenda kwenye ulinzi wa mahakama ya ufilisi, na siku hiyo hisa ikatoka kama dola 11 ikaenda chini ya dola 1. Siku moja tu! Wengi waliposoma habari hapakuwa na bei ya maana ya kutokea.

Kwa hiyo tangazo likija usiangalie jina la mkubwa, tafuta vitu vitatu: kiasi cha chini anacholazimika kununua, tarehe, na nani analipia mitambo. Maneno kama kushirikiana kuchunguza fursa, makubaliano ya awali, barua ya nia, hayo hayalipi mshahara wa mtu. Na ukiona kampuni inatangaza ushirikiano mpya kila baada ya wiki chache huku mauzo kwenye taarifa yamelala palepale, mi hapo naanza kuhesabu ni siku ngapi zimebaki mpaka watoe hisa.

Wanaunganisha hisa, 100 zinakuwa 1. Tumeibiwa?

Hapana, ulikuwa na hisa 100 za senti 20 sasa unayo 1 ya dola 20, thamani ni ileile siku hiyo. Shida ni kwa nini wanafanya. Kwenye soko la hisa la Nasdaq la Marekani, hisa ikifunga chini ya dola 1 siku 30 za kazi mfululizo kampuni inaandikiwa barua, kwa kawaida inapewa siku 180 irekebishe la sivyo iondolewe, na njia rahisi ya kurekebisha ni kuunganisha. Pia bei ikishapanda kwenye karatasi ni rahisi tena kuuza hisa mpya. Meta Materials, wale wa malighafi za kuchezea mwanga na mawimbi, waliunganisha 100 kwa 1 Januari 2024. Agosti mwaka huohuo wakaingia kwenye ufilisi wa kufunga kabisa na mali kuuzwa.

Wanaouza hisa za kuazima ndo wanaiangusha. Sisi wadogo tukishikilia wote hatutawabana?

Hao huazima hisa, wanaziuza, wakitegemea kuzinunua tena kwa bei ya chini wazirudishe, na kuwabana ni bei kupanda mpaka walazimike kununua kwa hasara. Wapo, na wengine wana roho mbaya kweli, sikatai. Ila kampuni yenye pesa za kutosha benki haifi kwa sababu bei ya hisa imeshushwa, inakufa ile iliyokuwa inategemea kuuza hisa ili ilipe umeme. Na mkifanikiwa kuwabana bei ikaruka, wa kwanza kuuza mara nyingi ni kampuni yenyewe, inatoa hisa mpya juu ya vichwa vyenu, na kusema kweli ingekuwa ujinga isifanye hivyo.

Waliokuwa na MMTLP, zile hisa zilizotokana na Meta Materials kuungana na kampuni ya mafuta ya Torchlight mwaka 2021, walisubiri sana siku ya kubana. Desemba 9, 2022 FINRA, wasimamizi wa madalali wa hisa Marekani, ikasimamisha biashara yake kabisa, watu wakabaki nazo mkononi, na miaka imepita bado wanadai majibu. Unaweza ukawa na haki ya kulalamika na bado pesa usiione.

Kampuni ikifilisika lakini isifungwe, hisa zangu si zinabaki?

Hili ndo swali ningependa kila mtu alisome, kwa hiyo litakuwa refu kidogo. Mfano wa karibuni ni Wolfspeed, zamani ikiitwa Cree, ya North Carolina. Silikoni kabaidi yao ni mali kweli, inatumika kwenye magari ya umeme, na mwaka 2021 hisa ilipita dola 100. Wakakopa mabilioni kujenga viwanda vya kaki, vile visahani vyembamba vinavyotengenezewa chipu, kubwa za milimita 200, afu magari ya umeme hayakuuzika kwa kasi iliyotegemewa, Wachina wakashusha bei ya kaki, viwanda vikawa vinafanya kazi chini ya uwezo wake na riba haisubiri.

Juni 30, 2025 wakaomba ulinzi wa mahakama wakiwa na deni la kama dola bilioni 6.5. Septemba 29 wakatoka. Kampuni ipo, viwanda vipo, deni limepungua karibu asilimia 70, kwa maneno ya kwenye magrupu tungesema imepona. Sasa wanahisa wa zamani? Kwenye mpango waligawiwa kati ya asilimia 3 na 5 ya kampuni mpya, karibu hisa 120 za zamani zikawa 1. Kampuni sehemu kubwa ikawa ya wenye hati za madeni.

Kwenye foleni ya ufilisi anaanza mwenye deni lenye dhamana, anafuata mwenye deni lisilo na dhamana, mwenye hisa za kawaida yuko mwisho kabisa na akipewa kitu ni kwa sababu wa mbele wamekubali. Kwa hiyo mkibishana kama kampuni itakufa au haitakufa mnabishana jambo ambalo halikuhusu moja kwa moja. La kwako ni hili, deni lote ni kiasi gani, linaiva lini, na likilipwa linabaki nini. Kule ndani ya taarifa kuna jedwali la miaka ya kuiva kwa madeni, mi naanzia hapo kabla hata ya mauzo.

Serikali imeahidi kuwapa pesa, haiwezi kuwaacha wafe.

Wolfspeed hiyohiyo Oktoba 2024 ilitangaziwa makubaliano ya awali ya dola milioni 750 kutoka serikali ya Marekani. Ya awali. Na A123 Systems ya betri ilipewa ruzuku ya dola milioni 249 mwaka 2009, Oktoba 2012 ikafilisika. Serikali inataka kiwanda na ajira, wewe mwenye hisa hauko kwenye orodha yake.

Nimeuliza kuhusu deni kwenye grupu letu la wanahisa wakaniita msaliti wakanitoa. Nirudi?

Kwa lipi, dada? Taarifa za kampuni ziko wazi kwa kila mtu. Grupu likishaanza kufukuza wanaouliza maswali linabaki la watu wanaopeana moyo, na hao hawatakwambia wakianza kuuza.

Ipo hata moja iliyowahi kuanguka hivi ikainuka? Tupe moyo kidogo.

Ipo. AMSC ya Marekani, wanaotengeneza nyaya za umeme zisizo na ukinzani pamoja na mitambo ya gridi, yaani mtandao wa kusambaza umeme. Mwaka 2011 mteja wao mkuu, Sinovel ya China inayotengeneza mitambo ya umeme wa upepo, alikataa mizigo, ikaja kujulikana ameiba programu zao, na mwaka 2018 mahakama Marekani ikamkuta na hatia. Hisa ilikuwa imeporomoka vibaya, 2015 wakaunganisha 10 kwa 1. Wakapunguza watu, wakageukia gridi na meli za kijeshi, na miaka ya karibuni wameanza kupata faida na aliyenunua wakati hakuna anayeitaka amekula vizuri. Lakini aliyekuwa nazo kabla ya kuanguka kwa 2011 na akazishikilia kiume mpaka 2025, ukipiga hesabu na ule muunganisho, bado yuko chini sana ya alipoanzia.