Ukiombwa kusimamia dawa za TB za ndugu yako

Wakikuambia kliniki kwamba mgonjwa aje na ndugu wa kumsimamia dawa, msimpeleke tu yule mwenye nafasi siku hiyo. Aende anayelala nyumba moja na mgonjwa, ambaye mgonjwa atamsikiliza hata akiwa na hasira. Kwetu hapa Morogoro kazi iliniangukia mimi. Mgonjwa wetu, Mjomba, ni mtu wa kufoka, ila kwangu huwa mpole.

Jambo la kwanza ni hela. Kipimo cha makohozi na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali. Mjomba alikuwa ameshamaliza akiba yake maduka ya dawa, leo dawa ya kifua, kesho vidonge vya homa. Kikohozi kikifika wiki mbili, au mtu akianza kupata homa za jioni, kutoka jasho usiku na kukonda, aende akapime. Makohozi yatoke kifuani hasa, maana mate hayasaidii kitu, na ayatolee nje penye hewa.

Hapa kwetu baadhi ya sampuli hupitiwa tena na panya buku wa APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa TB, pale Chuo Kikuu cha Sokoine. Panya mmoja hunusa sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Anazozitilia shaka hurudi maabara kuhakikiwa kabla mgonjwa hajatafutwa. Kwa hiyo ukipigiwa simu urudi kituoni ilhali uliambiwa huna TB, usipuuze kwa sababu umesikia habari za panya.

Matibabu ya TB ya kawaida ni miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne zilizounganishwa kwenye kidonge kimoja, kisha minne ya dawa mbili. Idadi ya vidonge hufuata uzito, ndiyo maana wanampima kila akienda. Mwambie mgonjwa mapema kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa. Mjomba hakuambiwa na mtu, akadhani anakojoa damu, akataka kuacha siku ile ile. Macho yakiwa ya njano, kuona kukififia, au miguu ikiwaka moto, hilo si la kuvumilia, rudini kliniki hata kama si siku yenu. Na mwanamke anayetumia vidonge au kipandikizi cha uzazi wa mpango amwambie muuguzi, kwa sababu rifampisini, mojawapo ya dawa hizi za TB, hupunguza nguvu ya njia hizo.

Sasa, ugumu wa kazi hii hauko mwanzoni. Mwanzoni mtu anaumwa, anameza bila kubishana. Shida inakuja mwezi wa tatu, kikohozi kimekata, uji unapanda, shati limeanza kumbana. Hapo ndipo zinapoanza "nitameza jioni" na "leo naipumzisha tumbo". Vimelea bado vimo, na vikizoea dawa matibabu yanakuwa marefu na magumu zaidi. Mimi sikuhubiri. Nilimpa dawa saa ile ile kila asubuhi, nikakaa naye mpaka ameze, nikaweka alama kwenye kadi mbele yake. Akinuna, tunazungumza Simba na Yanga.

Nyumbani tulifungua madirisha, na alilala chumba chake wiki za mwanzo. Vyombo hatukutenga. TB husambaa kwa hewa, haipiti kwenye sahani, na kumpa mzee kikombe chake peke yake ni kumdhalilisha bure. Lakini watoto wapelekeni wakachunguzwe, hasa walio chini ya miaka mitano. Wakionekana hawana ugonjwa hupewa dawa za kinga.

Msiba ukitokea mkoa mwingine, pitieni kliniki kwanza, si baada ya kurudi. Mueleze muuguzi mnaenda wapi na kwa muda gani, awape dawa za kutosha siku hizo, au barua ya kuchukulia dawa kituo cha huko. Kadi isafiri na mgonjwa.