Barua kwa mwanangu: waambie vijana wa Jumamosi wasije

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua kama kawaida mvua zikikaribia, lakini jana alikwenda sokoni kwa miguu akarudi na boda kwa sababu ya mzigo wa mihogo, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Unasema pagale lako la Ihumwa, huko Dodoma, lina watu. Wamefunika turubai panapotakiwa paa, wamepanda mahindi mpaka kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka, na ulipowauliza wakasema kuna mtu aliwaonyesha hapo. Rafiki yako ana vijana wanne wa mazoezi, na Jumamosi asubuhi wangemaliza kazi kabla ya saa nne. Halafu ukaniuliza, kwa sauti ambayo sikuipenda sana ila naielewa: "Baba, wewe una hati. Ilikuwaje ukahangaika miaka saba na nyumba yako mwenyewe? Kwa nini hukuwatoa tu?"

Nitakujibu. Ila kwanza piga simu, hao vijana wasije.

Nyumba ya Kigamboni tuliihama mwaka 2008 nilipohamishiwa Sumbawanga. Wewe ulikuwa darasa la tano, ulilia kwa sababu ya paka. Nikamwachia nyumba kijana wa watu tunaofahamiana nao, jina lake halina kazi hapa. Tulikubaliana chini ya mwembe: akae bure, alipe umeme, afagie uwanja, amwagilie michungwa. Sikuandika hata mstari mmoja. Alikuwa ananiita kaka, na mimi niliona kumsainisha karatasi ni kama kumwambia simwamini.

Miaka minane hapakuwa na neno. Kila sikukuu ananipigia. Kisha Aprili 2016 likafunguliwa daraja. Kabla ya hapo ukisema una kiwanja Kigamboni watu wanakuuliza foleni ya pantoni utaivumilia mpaka lini. Baada ya daraja, madalali walikuwa wanapita mtaani asubuhi na jioni. Hii ni dhana yangu tu, lakini naamini yule kijana hakuingia kwangu akiwa mwizi. Kila dalali aliyesimama getini alimuuliza, "Hii nyumba ya nani?" Siku moja akajibu, "Yangu," na hakuna aliyemkatalia.

Mwaka 2017 nimestaafu, narudi na mizigo, nakuta geti lina komeo jipya. Akatoka, akanisalimia vizuri tu, "Shikamoo kaka," halafu akarudi ndani akaja na bahasha ya kaki. Ndani kuna mkataba wa mauziano. Mimi nimemuuzia. Sahihi ilifanana na yangu mno, isipokuwa ilikuwa na jina langu la kati kwa kirefu, ambalo sijalisaini tangu nitoke shule ya msingi.

Nilikwenda polisi. Wakatazama hati yangu, wakatazama mkataba wake, wakaniambia, "Mzee, hili ni la madai. Nenda baraza la ardhi." Nilitoka pale nimewaka. Baadaye wakili ndiye aliyenielewesha: mahakama zetu zimeshasema zamani kwamba shitaka la kuingia kwa jinai haliwezi kusimama wakati umiliki wenyewe unagombaniwa. Kwanza ijulikane ya nani.

Na mimi nilifikiria vijana wa mazoezi, usidhani umeanza wewe. Mjomba wako alishanitafutia. Wakili akafungua Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 85, kuhusu kuingia kwa nguvu kwenye ardhi au jengo ili ulitwae. Akanisomea taratibu kile kipande kinachosema haijalishi kama huyo anayeingia ana haki ya kuingia au hana. Nikamwomba arudie. Akarudia. Akaongeza kwamba kijana mmoja akivunja sahani tu, au mtoto akiumia kwenye purukushani, mlalamikiwa ninakuwa mimi, na yule mwenye mkataba wa uongo anasimama mbele ya mwenyekiti wa baraza kama mtu aliyeonewa. Nikamlipa mjomba wako nauli ya kurudi.

Tukafungua shauri baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Sitakuchosha na tarehe. Ulikuwa chuo, ulikuwa unanipigia kila baada ya tarehe na mimi nakwambia "imeahirishwa." Mwenyekiti hayupo. Wakili wa upande wa pili anaumwa. Faili halionekani. Mwaka 2019 tukashinda. Mama yako alipika pilau.

Yule bwana akakata rufaa Mahakama Kuu, na hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ndipo miaka ilipoliwa. Pale barazani mwenyekiti haketi peke yake, anaketi na wazee wa baraza, wasiopungua wawili. Kabla hajaandika hukumu, kila mzee atoe maoni yake kwa maandishi, na maoni yasomwe mbele yetu tunaogombana. Wazee wetu walikuwepo tangu siku ya kwanza. Mmoja alikuwa akisinzia baada ya saa sita, mwenzake akiuliza maswali ya maana kuliko mawakili wote wawili. Lakini maoni yao hayakusomwa wala hayakuonekana kwenye kumbukumbu. Hukumu ilisema tu, "wazee wamekubaliana nami." Basi. Jaji hakugusa kabisa suala la nani mwenye nyumba. Alifuta mwenendo wote, akaamuru shauri lisikilizwe upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Hilo halikunipata mimi peke yangu. Mahakama ya Rufani yenyewe imebatilisha mashauri mengi kwa kosa hilohilo. Miaka mitatu yangu iliondoka kwa kosa ambalo si mimi wala mwizi wangu tuliyelifanya.

Tukaanza moja. Safari hii alikuja na hoja ya ziada: hata kama hakununua, amekaa humo zaidi ya miaka 12. Sheria ya Ukomo inampa mwenye ardhi miaka 12 kudai ardhi yake, hilo ni kweli, na ndilo linalowatia watu hofu mitaani kwamba mvamizi akizeeka kwako anakuwa mwenye nyumba. Si rahisi hivyo. Wakili alileta uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa Arusha, Rufaa ya Madai namba 193 ya mwaka 2016, masista wa Roho Mtakatifu dhidi ya watu 137, unaotaja masharti ya dai la namna hiyo. Mwenyewe awe ameitelekeza ardhi, na anayedai asiwe ameingia kwa ruhusa. Mtu uliyemkaribisha, hata akae miaka mingapi, bado ni mkaribishwa.

Ila nithibitishe vipi kwamba nilimkaribisha, na maneno yalisemwa chini ya mwembe? Risiti za kodi ya ardhi zilisaidia. Nilikuwa nalipa kila mwaka kwa jina langu hata nikiwa Sumbawanga, na mama yako alizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Kilichomaliza kazi lakini ni ile Nokia yangu yenye kioo kilichopasuka, ambayo ulikuwa unanicheka nayo. Ndani yake kulikuwa na ujumbe wa mwaka 2014: "Shkm kaka. Bati la jikoni linavuja. Nitengeneze au unasubiri uje?" Mwenyekiti aliusoma kwa sauti, akamtazama. Mtu aliyenunua nyumba haombi ruhusa ya kuziba bati.

Tukashinda 2022. Rufaa yake ikatupwa 2023. Kukaza hukumu, yaani kuitekeleza, kukatuingiza 2024, notisi ya siku 14, kisha dalali aliyeteuliwa na baraza akaja na vijana na lori.

Siku hiyo niliiota miaka saba, mwanangu, nakwambia ukweli. Nilijiona nasimama getini namtazama akitoka. Hakuwepo. Alishahama, vyumba vyote kapangisha, kachukua kodi ya miezi sita mbele. Aliyetoka ni mama mmoja ameshika sufuria ya maharage kwa kanga, yanachemka bado, anauliza ayaweke wapi. Alikuwa hajui lolote kuhusu kesi. Nguo za shule zilikuwa kwenye kamba. Dalali akaniuliza, "Mzee, tuendelee?" Nikamwambia yule mama abaki mpaka mwisho wa mwezi, wakili akanisema sana, na tukaandikishana pale pale juu ya boneti ya gari: anakaa kwa ruhusa yangu, halipi kitu, anatoka tarehe thelathini. Akatoka tarehe ishirini na nane.

Sasa ya kwako. Wewe uko mahali pazuri kuliko mimi, maana hao wa Ihumwa hawajadai kwamba umewauzia. Wamesema kuna mtu aliwaonyesha. Mgomvi wako ni huyo, na vijana wanne hawatakutajia jina lake. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, waitwe waulizwe mbele yake. Mwombe mpimaji akuonyeshe bikoni zako rasmi, maana sitashangaa nusu ya hayo mahindi yakiwa kwa jirani. Wakikubali kuondoka, waandike kwamba eneo ni lako na siku watakayotoka, wasaini, naye asaini. Kama shida yao ni usafiri, lipia Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Usiudhike, ni bei ndogo kuliko wakili wa mwezi mmoja.

Wakikataa, baraza la kata linaanza. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 kata inasuluhisha tu, haiamui tena, na baraza la wilaya halipokei shauri mpaka kata ithibitishe usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila wao kuusuluhisha. Chukua hiyo barua yao ya kushindwa kama unavyochukua risiti. Na ukifika wilayani, siku ya mwisho kabla ya hukumu, msimamishe wakili wako aulize: maoni ya wazee yako wapi? Aulize hata kama mwenyekiti atakunja uso.

Nimekata tiketi ya treni ya Ijumaa asubuhi. Nipokee stesheni, uje na nakala ya hati na ya ramani, ile halisi iache nyumbani. Jumamosi tutakwenda Ihumwa mimi na wewe tu. Nikifika nitataka kuzungumza na mkubwa wao kabla hujasema chochote, na mahindi yao msiyang'oe.

Baba yako