Manyoya ya kiumbe wangu yanaonekana kama nyasi, nifanyeje?

Swali: Shikamoo kaka. Niko Tukuyu, nachora kwa programu ya GIMP. Nimebuni kiumbe wa kuweka kwenye fulana za kuuza: mwili wa kipunji, yule kima wa misitu ya milimani, macho na masikio ya komba. Umbo nimelipata, ila manyoya yananishinda. Nimechora unywele mmoja mmoja mwili mzima na bado anaonekana kama amefunikwa nyasi. Natumia mausi tu, sina tableti ya kalamu, na kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Rafiki yangu ananishauri nichukue picha ya manyoya mtandaoni nibandike juu. Nimsikilize?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Mausi na kompyuta yako havina kosa. Umeanza na unywele, na kazi imeharibikia hapo. Jicho la mtu halihesabu nywele. Kwanza linaona penye mwanga na penye giza, halafu linaona manyoya yamelalia upande gani, halafu mashada. Unywele mmoja mmoja linauona ukingoni tu, pale mwili unapoishia. Ukijaza mwili mzima nywele za unene mmoja na rangi moja, hayo matatu ya mwanzo yote yanapotea.

Kwa hiyo ficha leya zote za nywele, yaani matabaka ya mchoro uliyozichorea, urudi kwenye umbo tupu. Lipake rangi ya kipunji: kahawia yenye kijivu mwilini, uso mweusi, tumboni na mwishoni mwa mkia nyeupe iliyofifia. Rangi tatu zinatosha kwa kuanzia, ya katikati, ya kivuli na ya mwanga. Kivuli usikipate kwa kuongeza nyeusi, maana manyoya yatafanana na masizi. Ielekeze ile kahawia kwenye buluu kidogo. Huko Rungwe mwanga mwingi hupitia kwenye ukungu, na wewe umekulia humo, unajua vivuli vyake havina kingo kali. Kama hapa, bila unywele hata mmoja, kiumbe bado hana mbavu wala mabega ya mviringo, usisonge mbele.

Kisha fungua leya mpya, chagua rangi nyekundu, uchore mishale tu. Kabla ya kuichora nenda ukamtazame mbuzi kwa makini. Manyoya yanaanzia puani, yanapanda kwenye paji la uso, yanapita nyuma ya masikio, yanafuata shingo na mgongo hadi mkiani, na ubavuni yanashuka. Kifuani pande mbili zinakutana na kutengeneza mstari ulioinuka. Mishale hii ndiyo ramani yako, na kila shada litaifuata.

Sasa urefu, na hapa ndipo kiumbe wako anapohitaji akili zaidi, kwa sababu umeunganisha wanyama wawili wenye manyoya tofauti kabisa. Kipunji, ambaye wanasayansi walimtangaza kwa dunia mwaka 2005, anaishi kwenye misitu ya juu ya Rungwe na Livingstone upande wa Kitulo, na pia Ndundulu kule Udzungwa. Ni misitu ya baridi, na koti lake ni refu. Kichwani ana shungi la manyoya yaliyosimama. Komba manyoya yake ni mafupi na yamesongamana, na masikio yake ni ngozi nyembamba karibu tupu. Ukiweka kichwa cha komba juu ya mabega ya kipunji bila kuandaa njia, mtazamaji ataona kinyago kilichovalishwa. Acha urefu ubadilike taratibu: mafupi sana puani na kuzunguka macho, yarefuke mashavuni, yarefuke zaidi shingoni, yafike urefu kamili mabegani. Na shungi usiliache, hata kama masikio makubwa yanakubana. Mtu wa Rungwe akiliona tu atamjua kipunji.

Mashada utayatengeneza kwa zana yenye alama ya kidole, ile inayoburuza rangi. Bonyeza herufi S. Iandalie brashi yake. Fungua picha ndogo ya pikseli 60 kwa 60 isiyo na mandhari ya nyuma, dondoshea nukta nane au tisa za ukubwa tofauti bila mpangilio, chagua yote, nakili. GIMP yenyewe itaiweka nakala hiyo mwanzoni mwa orodha ya brashi. Sasa fanya nakala ya leya yako ya rangi, weka brashi kwenye eneo la mwanga na uivute kuelekea kwenye kivuli kwa kufuata mshale. Kila nukta itaburuza unywele wake, na kwa mvuto mmoja wa mausi umepata shada zima. Nguvu ya zana iwe kama asilimia 70. Ukizidisha, rangi inaburuzika mbali mno. Anza mkiani uje kichwani, jinsi mtu anayeezeka paa anavyoanzia chini, ili shada la juu lilalie la chini. Palipo katikati ya mwanga na katikati ya giza pagusie kidogo tu. Nguvu zako peleka pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli, maana hapo ndipo manyoya yanaposomeka.

Mwisho ndiyo unywele. Kwa mausi, chora njia iliyopinda kwa zana ya njia, herufi B, kisha iamuru GIMP ipitishe brashi juu yake, na uweke tiki mahali pa kuiga mkandamizo wa kalamu. Unywele utatoka mnene katikati na mwembamba kwenye ncha. Weka chache mashavuni, kwenye viwiko, kwenye shungi na kwenye mkia, tatu hapa, tano pale, na uache mapengo. Kama fulana ni nyeusi, zipe nywele hizo rangi ya mwanga kama vile jua liko nyuma ya kiumbe, la sivyo kahawia yake itamezwa na kitambaa. Tableti ukija kuipata itakuharakishia hatua hii, ila unaweza kumaliza kazi bila hiyo.

Kuhusu ushauri wa rafiki yako, hapana. Unataka kuuza fulana, na picha ya mtu mwingine inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Hata sheria isingekuwepo, picha ile ina mwanga wake na imelala bapa. Haitauzunguka mgongo wa kiumbe wako. Piga mwenyewe picha ya mbuzi au sungura akiwa kivulini, uiweke kama leya hafifu juu ya rangi zako kabla ya kuanza mashada. Hiyo ni halali na inasaidia sana.

Vipimo: kwa mchoro wa fulana wenye upana wa sentimita 30, kwa pikseli 300 kwa inchi, unahitaji pikseli 3543. Leya moja ya mraba ya ukubwa huo inakula karibu MB 50, hivyo unganisha leya ulizomaliza nazo. Hifadhi kwa XCF, faili la GIMP linalotunza leya zote, kila baada ya hatua, umeme usije ukakukatikia katikati.

Ukipeleka kwenye uchapaji wa DTF, ule wa kuchapa kwenye filamu kisha kuhamishia kitambaani, faili la picha la PNG lisiwe na mandhari ya nyuma. Mashine hutandika wino mweupe chini ya rangi, kwa hiyo ukingo wowote wa nusu uwazi hutoka na ukungu mweupe mchafu kuzunguka manyoya. Kwenye menyu ya leya, sehemu ya uwazi, kuna amri ya kukata alfa (Threshold Alpha), yaani kuondoa nusu uwazi. Itumie kwenye nakala ya mwisho ili ncha zote ziwe kamili. Unywele usiwe mwembamba kuliko pikseli 6, ambazo kwenye kitambaa ni nusu milimita. Waombe kwanza wakuchapie kipande cha shavu na shungi kwa ukubwa halisi, ukifue. Ukiona unywele umepotea, unenepeshe huohuo kwenye XCF, usiongeze mwingine.