Kafeini ikiingia mwilini mwa farasi: majibu kwa maswali yenu

Farasi wangu amekunywa kahawa kwenye kikombe cha mtunzaji. Kufikia kesho itakuwa imetoka?

Hapana. Kwa binadamu, nusu ya kafeini huondoka katika damu kwa takriban saa 5. Kwa farasi ni kama saa 18. Piga hesabu: baada ya siku tatu kamili bado imebaki sehemu moja ya kumi na sita. Kiasi hicho hakimchangamshi tena, lakini maabara inayopima dawa kwa farasi wa mbio inakiona. Kazi kubwa ni ya ini, ambalo huivunja kafeini ikawa theofilini, theobromini na paraksanthini, kisha figo zikazitoa kwa mkojo. Theofilini yenyewe ni kichangamshi, kwa hiyo mabaki nayo yana hesabu yake.

Nimkimbize atoke jasho, au nimpe dawa ya kukojoza?

Tafadhali usimtese. Jasho halitoi cha maana, na kukojoa sana hakuliharakishi ini. Furosemidi, dawa ya kukojoza, huufanya mkojo uwe mwepesi, dawa ikaonekana kidogo humo, ilhali iliyo kwenye damu ipo palepale. Ndiyo sababu wapimaji huchukua damu pia. Mpe maji ya kutosha, mwache apumzike, na mwambie daktari wa mifugo ukweli wote.

Kwa nini amfetamini, dawa ya kuchangamsha, hutoka haraka siku moja na polepole siku nyingine?

Kinga mkojo wa farasi aliyeshiba nyasi: ni mzito, unateleza, una ukungu wa chokaa. Mkojo huo una hali ya magadi, yaani kinyume cha asidi. Amfetamini ikiufikia hupoteza chaji yake ya umeme, ikapenya kuta za mirija ya figo na kurudi kwenye damu. Baada ya mbio kali mkojo huelekea kwenye asidi. Hapo dawa hunaswa na kutoka nje. Farasi ni yuleyule, dozi ni ileile, majibu tofauti.

Sijampa chochote, lakini amekutwa na theobromini. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, na inaniuma kila ninapoulizwa. Maganda ya kakao yakichanganyika na chakula chake yanatosha. Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa za mbio zimeweka kikomo cha mikrogramu 2 kwa kila mililita ya mkojo, badala ya kuadhibu kila chembe. Kila ufunguapo gunia jipya, chota konzi moja, ifunge kwenye mfuko safi na uandike namba ya gunia. Konzi hiyo ndiyo itakayopelekwa maabara siku utakapohitaji kujitetea.