Sakafu ya mbao ikiharibika, tafuta maji kwanza

Hapa Bukavu, hasa Muhumba, Nyawera na kule La Botte, bado zimesimama nyumba za enzi za ukoloni wa Ubelgiji, mji ulipoitwa Costermansville, na nyingine zina sakafu za mbao hadi leo. Vyumbani utakuta mbao ndefu zilizopigiliwa juu ya maboriti, sebuleni parke ya vipande vifupi. Mwenye nyumba akiona ubao umetitia au umeota weusi, ushauri wa haraka anaopewa ni kung'oa zote na kubandika karo, yaani vigae. Huwa inaniuma sana. Mbao zile zilipasuliwa kutoka miti mikubwa iliyokomaa, na zimekauka kwa miaka na miaka. Leo ukibahatika kupata sokoni ubao wa upana ule, mara nyingi utakuwa mbichi, na baada ya miezi michache umeshapinda.

Nimefufua sakafu ya nyumba ya wazazi wangu Muhumba, kisha nikawasaidia majirani kadhaa. Kila anayeniuliza aanzie wapi, namwambia aweke msasa pembeni kwanza, atafute maji yanakoingilia.

Ubao mkavu hauozi, kwa sababu kuvu wanaoula hawaishi bila unyevu. Na sisi tunaishi juu ya miteremko, mvua inanyesha kuanzia Septemba hadi Mei, maji yote ya kilimani yanashukia ukuta wa nyuma. Waliojenga nyumba hizi walilifikiria hilo. Waliinua sakafu juu ya msingi wa mawe, wakaacha matundu ili hewa ipite chini ya mbao. Lakini nyumba ikishapita mikononi mwa wapangaji wengi, huyu anaziba matundu kwa kuogopa panya, yule anamwaga saruji ya baraza juu yake.

Kwetu, ubao uliokuwa ukibonyea ulikuwa chini ya dirisha la chumba cha nyuma. Papa fundi, ambaye amezeeka ndani ya kazi hii, aliuchomoa polepole kwa kuutikisa msumari mmoja mmoja. Upande wa juu ulikuwa mkavu, nta bado inang'aa. Upande wa chini ulikuwa na utando mweupe wa ukungu, na alipolichoma boriti kwa bisibisi, ncha ilizama yote bila nguvu.

“Mama, ubao wako mzima huu,” akaniambia. “Twende tuangalie nje.”

Nje, udongo wa bustani ulikuwa umepanda hadi kuyafunika matundu. Basi kazi ya kwanza ilikuwa ya jembe: kushusha udongo, kufungua matundu na kuyawekea wavu wa chuma, kuchimba mtaro, kurekebisha bomba linaloshusha maji ya paa. Ncha ya boriti iliyooza tukaikata, tukaunga kipande kizima ubavuni. Kisha tukangoja kiangazi. Hapa watu wengi hukosa subira. Ubao wenye unyevu upande wa chini huinua kingo zake, katikati pakabaki bonde. Ukizisugua kingo hizo zingali zimeinuka, ubao utakapokauka na kunyooka, katikati patabaki mgongo, na hapo umepoteza mbao bure. Zetu nyingi zilirudi zenyewe.

Parke iliyobandikwa juu ya zege ipime unyevu namna nyingine. Bandika kipande cha plastiki, ziba kingo zote kwa utepe, ukiache usiku mzima au zaidi. Ukikuta matone chini yake, unyevu unapanda kutoka kwenye zege. Vipande vikilegea ukaona gundi nyeusi ya lami, usiisugue kwa mashine, maana gundi za zamani za aina hiyo huweza kuwa na amianti (asbesto), ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Rangi ya zamani nayo huenda ina madini ya risasi, hivyo watoto wasikae karibu, nawe uvae barakoa inayofaa.

Kusugua kwenyewe si kugumu. Zamisha kwanza vichwa vya misumari, la sivyo vitachana msasa. Anza na namba 40, uende 80, umalizie 120, bila kuruka, ukifuata mkondo wa nyuzi za mbao. Usisimamishe mashine mahali pamoja ikiwa inazunguka, itachimba shimo. Umeme wa kupandashuka huua mota, kwa hiyo mimi hukodi jenereta.

Kuhusu kumalizia, napendelea mafuta ya kitani kuliko vanishi. Vanishi ikichubuka, kiraka chake huonekana, mara nyingi utalazimika kusugua chumba kizima; sakafu ya mafuta unairekebisha pale palipoumia tu. Mbao kama mvule huweza kuchelewesha mafuta kukauka, hivyo jaribu pembeni kwanza. Na tafadhali, matambara yaliyolowa mafuta hayo usiyarundike: yanapata joto yenyewe hadi kuwaka moto. Yatandaze nje yakauke, au yalowe ndani ya ndoo ya maji.

Ukikosa ubao wa kuziba pengo la sebuleni, angalia chini ya kabati la ukutani au stoo. Chomoa huko ubao wa umri uleule na rangi ileile, uulete mbele ya macho ya wageni. Ule mpya wa sokoni upeleke kabatini.