Bango la Bosi na Daftari la Barafu: Maswali Yenu ya Kazini

Ofisini kwetu wamebandika ukutani "Sisi ni Familia Moja". Ndio utamaduni wa kampuni huo? – Kijana wa stoo, Igoma

Hilo ni bango, mdogo wangu. Utamaduni ni yale mnayofanya bosi akiwa Dar. Kim Cameron na Robert Quinn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wanazitaja aina nne: wa kiukoo (watu wanaleana), wa ubunifu (kujaribu na kukosea ruksa), wa soko (kinachohesabiwa ni mauzo), na wa ngazi (kila jambo lina fomu na sahihi). Kampuni nyingi huwa na mchanganyiko wa hizo. Kujua kwenu ni upi, angalia mwenzenu akifiwa: siku za msiba zinakatwa kwenye mshahara?

Kiwandani zamani tulifanya kazi kwa kuaminiana. Siku hizi kila kitu kinaandikwa, hata joto la samaki. Kwa nini kubadilisha wakati faida ilikuwepo? – Mkata minofu, Ilemela

Dada, faida ilikuwepo mpaka siku mnunuzi alipofunga mlango. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyokuwa ikitumika kuvulia. Sangara aliyekuwa dhahabu akakosa pa kwenda. Kuaminiana kwenu hakuonekani Ulaya; kinachoonekana ni karatasi inayosema mzigo huu umetoka mwalo gani, siku gani, ukiwa na ubaridi gani. Kwa hiyo kiwanda cha kiukoo kikalazimika kuwa cha ngazi.

Kuna kilichopotea, sikatai. Yupo mzee anayefunua mashavu ya sangara, anatazama jicho, anakwambia amelala usiku mmoja bila barafu. Kiwanda chenye akili kinampa mzee huyo kalamu, hakimfukuzi.

Nina boti nne. Mwanangu katoka chuo, anataka wavuvi walipwe mshahara badala ya mgawo. – Mama tajiri, Kirumba

Mama, shikamoo. Hapo usikubali haraka. Mvuvi wa mgawo akirudi mtupu, nawe umerudi mtupu. Ndiyo maana saa nane usiku yuko macho na nyavu. Mpe mshahara, atalala. Ugomvi wenu, nadhani, uko kwenye makato: petroli, barafu, nyavu zilizochanika. Mwanao ayaandike hayo, yasomwe mbele ya wote kabla ya kugawana. Shahada yake itakuwa imefanya kazi.

Bosi anatupanga kila mwezi, wa kwanza hadi wa mwisho. – Muuza simu, Makoroboi

Microsoft walikuwa na mtindo wa namna hiyo, wakauacha mwaka 2013. Ukijua jirani yako akishuka wewe unapanda, utamwelekeza mteja wake?

Meneja mpya anataka tumwite jina lake tu. Mdomo unagoma. – Karani, Nyamagana

Endelea na shikamoo yako, atazoea. Mpime kwa jingine: mkimwambia mzigo wa juzi umeharibika kwa uzembe wa shemeji yake, atawasikiliza?